Kichwa cha Kuazima

Harufu ndiyo iliyokuwa ikimkaribisha kila aliyeingia kantini ya chuo. Kabla hujaona meza wala foleni ilikuwa imeshakupiga puani: mafuta yaliyokaangiwa tangu juzi, jasho la watu wengi, na chini yake, kama mpangaji asiyetaka kuhama, harufu ya chemba ya majitaka iliyokuwa ikibubujika nyuma ya jiko. Maji ya kijivu yalichuruzika kutoka chini ya mfuniko wa zege, yakapita mbele ya mlango wa nyuma, yakajikusanya pale pale yalipowekwa magunia ya viazi. Watu walikuwa wamezoea. Hilo ndilo linalotia kichefuchefu kuliko hata maji yenyewe. Waliruka lile dimbwi na sahani zao mkononi, wakaketi, wakala, wakacheka.

Siku hiyo zilikuwa zinaanza kozi za likizo ndefu, na kantini ilikuwa imefurika. Langoni mwa chuo lilitundikwa bango la kung'aa lenye picha za watu wenye meno meupe kupita kiasi. "Likizo hii, jigundue upya!" liliamrisha. Kozi zilifuata kwa herufi kubwa: Uongozi wa Tabasamu. Kuzungumza Mbele ya Kamera. Siri za Waliofanikiwa. Adabu za Mezani kwa Wakurugenzi. Chini kabisa, pale kamba ilipokikunja kitambaa, kwa herufi ndogo za mtu anayeomba radhi: Majitaka na Vinyesi, Ukusanyaji na Usafishaji.

"Kaka, samahani. Hicho kichwa chako kina kazi asubuhi hii?"

Kijana aliyekuwa peke yake kwenye meza ya pembeni aliinua macho kutoka kwenye kikombe cha chai. Mbele yake alisimama msichana mrefu, mweusi wa kupendeza, aliyevaa ovaroli ya bluu iliyopauka magotini, buti za mpira za manjano na kitambaa cha rangi ya chungwa kilichofungwa kichwani kwa haraka. Alikuwa anahema.

"Kichwa changu?"

"Hicho hicho kilicho juu ya mabega. Nakiazima. Nitakirudisha kabla ya chakula cha mchana, bila doa."

"Na nikikataa, dada?"

"Ukikataa nalia hapa hapa. Na mimi nikilia, kaka yangu, natoa sauti ya king'ora cha zimamoto. Usije ukasema hukuambiwa."

Kijana alicheka. Alikuwa na cheko la taratibu, la mtu aliyezoea kujizuia. Shati lake la bluu bahari lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata mkate, viatu vinang'aa, suruali imenyooka. Mfuko mmoja ulikuwa umetuna kwa tai iliyokunjwa. Mfuko wa pili ulikuwa na kitambulisho cha kazi, na laiti angekivaa shingoni kama alivyotakiwa, hadithi hii isingekuwepo.

"Nieleze kwanza," alisema. "Kichwa changu kinakwenda kufanya nini?"

"Kuhesabiwa." Alikuwa ameshamshika mkono wa shati na kumwinua. "Ofisi ya kozi za likizo ina utaratibu wake. Wiki za mwanzo wanamtuma mtu anapita madarasani kuhesabu. Darasa lisilofika vichwa kumi na vitano linafutwa. Sisi tuko kumi na wanne. Shoga yangu aliyeahidi kuja kunikopesha kichwa chake ameona bora alale. Twende, atafika wakati wowote huyo mchawi."

"Mchawi?"

"Huyo mhesabuji. Mtu anayelipwa kwenda kuwahesabu wenzake kama mbuzi wa mnada, wewe ungemwitaje?"

Kijana aliuziba kwa kiganja mfuko wenye kitambulisho. Mhesabuji alikuwa yeye. Alihamishiwa ofisi hiyo juma lililopita kutoka ofisi ya hosteli, hakuna mwanafunzi aliyemjua kwa sura, na darasa la kwanza katika mzunguko wake lilikuwa lile la Majitaka na Vinyesi. Alipaswa kusema hapo hapo. Maneno matatu tu yangetosha. Lakini mkono wa yule dada ulikuwa umemshika kwa nguvu, na hakuna mtu aliyewahi kumshika hivyo tangu aanze kuvaa tai.

Njiani, wakiwa wanaruka dimbwi la nyuma ya jiko, msichana alisimama ghafla akaliangalia kwa macho ya chuki.

"Unaona uchafu huu? Wanafundisha adabu za mezani kule juu, na huku viazi vinaoga mavi. Nikija kupata kazi yangu, pa kwanza kupafunga ni hapa."

"Kazi gani?"

"Ya bibi afya wa manispaa. Nafasi yangu ipo, inanisubiri. Nimezibua mifereji ya mji huu miaka mingi kama msaidizi, nikajiunga na masomo, nimebakiza kozi hii moja tu. Na inafundishwa likizo ndefu peke yake. Mwaka jana waliifuta. Wakiifuta tena, nafasi anapewa mpwa wa mtu." Alitema mate pembeni, mbali na viazi. "Wenzangu wameshaanza kuniita Bibi Afya. Sitaki liwe jina la kejeli."

"Basi Bibi Afya," alisema kijana, "azima."

* * *

Darasa walilopewa lilipakana na vyoo vya wanaume. Hilo nalo halikutokea kwa bahati mbaya. Ukumbi mkubwa wenye kiyoyozi na viti vya kuzunguka ulikuwa wa Uongozi wa Tabasamu, na huku chini ukuta ulikuwa umelowa, rangi imetoka magamba, na kwenye kona kulikuwa na doa la kahawia lililozidi kupanda mwaka hadi mwaka. Mwalimu wao, mzee mwembamba aliyekuja kazini na buti za mpira siku zote za maisha yake, aliitwa Mzee Mabwawa hata na mkewe.

"Karibuni," alisema, akigonga ukuta wa vyoo kwa fimbo. "Leo tunaanza na mlichokula juzi. Kiko wapi sasa hivi? Nani anajua? Hakuna. Mnakula tu."

Darasa liliangua kicheko. Kijana wa shati la bluu alikaa nyuma kabisa, akahesabu, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameshazoea kuhesabu tangu ofisi ya hosteli. Kumi na wanne. Akatazama mbele, akaona kitambaa cha rangi ya chungwa kikigeuka kumwangalia, jicho moja likimkonyeza. Akajihesabu na yeye. Jioni hiyo aliripoti ofisini: kozi ya Majitaka, vichwa kumi na vitano.

Hakuna mhesabuji mwingine aliyewahi kufanya kosa hilo, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa.

"Mhesabuji hakuja," Bibi Afya, aliyekuwa amechukua namba yake darasani, alimwambia kwenye simu usiku ulipoanza kuingia, sauti yake ikiwa ya wasiwasi. "Tulikaa mpaka mwisho, hakutokea mtu. Maana yake atakuja kesho. Au keshokutwa. Kichwa, tafadhali."

"Sasa ndilo jina langu hilo?"

"Hukunipa lingine. Na hilo linakufaa, una kichwa kizuri. Masikio tu ndiyo yamezidi."

"Masikio yangu yamezidi?"

"Kidogo. Lakini si vibaya, yanasikiliza. Utakuja?"

"Nitakuja."

"Kila siku?"

"Mpaka mchawi apite," alisema, na akaiona aibu yake usoni mwake mwenyewe, kwenye kioo cha kabati. Hakuipenda sura ile.

Akaenda. Alikuwa akimaliza mizunguko yake ya kuhesabu asubuhi, anavua kitambulisho, anakunja tai, anashuka kwenye darasa la ukuta uliolowa. Alijifunza jinsi uchafu unavyotulia chini, jinsi maji yanavyopumzishwa kutoka bwawa hadi bwawa hadi yanarudi kuwa maji. Siku ya kwenda kwenye mabwawa ya majitaka, nje ya mji, kila mtu alivaa buti isipokuwa yeye. Alisimama ukingoni na viatu vyake vya kung'aa, uso umemkunjamana, kinywa amekifumba kabisa.

"Ukitapika," Bibi Afya alimnong'oneza, "tapikia ndani ya bwawa. Nje ni uchafuzi wa mazingira."

"Sitapiki."

"Umekuwa wa kijani, mpenzi."

Neno lilitoka kwa mzaha, lakini lilipokwisha kutoka hapakuwa na wa kulirudisha. Wote wawili walitazama maji. Mapovu yalipanda taratibu, yakapasuka. Bibi Afya alivua glavu moja akampa, akabaki na nyingine, na mikono yao iliyobaki bila glavu ikashikana nyuma ya mgongo wa Mzee Mabwawa, aliyekuwa akieleza habari ya minyoo.

"Siku moja," alisema Kichwa walipokuwa wanarudi, "nina jambo la kukwambia."

"Jambo zuri au baya?"

"La kati."

"Basi kaa nalo. Nikimaliza kozi nitasikia ya kati na ya pembeni. Sasa hivi nina nafasi ya mazuri tu."

Akakaa nalo. Mtu mwoga hupewa ruhusa ya kunyamaza mara moja, akaitumia mwezi mzima.

* * *

Mkurugenzi wa kozi za likizo alikuwa mtu wa suti za rangi ya maziwa na viatu vilivyochongoka kama mdomo wa korongo. Ofisi yake ilinukia marashi kiasi cha kukufanya upige chafya, na bado juu ya meza alikuwa na chupa nyingine, aliyoipulizia hewani kila alipoingia mtu kutoka madarasa ya chini. Alimpulizia hata Kichwa.

"Kaa mbali kidogo," alisema. "Hapo. Nimepita jana kwenye lile darasa la... la kule chini. Nimechungulia dirishani. Nimeona vichwa kumi na vitano."

"Ndiyo, mkuu. Ndivyo nilivyoripoti."

"Na kimoja ni cha kwako."

Kichwa alisogea nyuma hatua moja zaidi.

"Umenihesabia kichwa cha kuazima, kijana. Chako! Wageni wa kampuni wanaotufadhili wanakuja wiki hii, wanasoma lile bango, na chini wanakutana na neno gani? Vinyesi! Unaweza kula keki ukisoma neno hilo? Nimelivumilia kwa sababu ya ripoti yako." Alipulizia tena. "Tunakwenda sasa hivi. Vaa tai. Vaa kitambulisho. Utahesabu upya na mimi nimesimama mlangoni."

Walishuka. Bibi Afya alikuwa ubaoni akichora mchoro wa chemba, vidole vimejaa chaki. Aligeuka akatabasamu, kwa kuwa alimwona yeye kwanza. Kisha akaona tai. Kisha akaona kile kitambulisho kikining'inia kifuani, na picha ya kile kichwa kizuri chenye masikio yaliyozidi.

"Endelea, afisa," alisema Mkurugenzi kutoka mlangoni, leso ikiwa puani.

"Kumi na wanne," alisema Kichwa. Hakuna aliyemsikia.

"Kwa sauti."

"Kumi na wanne."

"Kanuni ni kanuni," alisema Mkurugenzi kwa upole wa kutisha. "Poleni sana. Mtakaribishwa likizo ijayo. Chumba hiki tutaweka viti vya ziada."

Mzee Mabwawa aliketi polepole kwenye ukingo wa meza. Bibi Afya alifuta mikono yake kwenye ovaroli, akapita katikati ya madawati, akasimama karibu mno na Kichwa.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Nisikilize, nilitaka..."

"Mchawi ni wewe. Nilikuita mchawi mbele yako, ukauliza mchawi gani. Nilikwambia habari za mifereji, za nafasi yangu, nilikupa glavu yangu! Na kitambulisho kiko mfukoni." Hakupaza sauti. Laiti angelia ile sauti ya king'ora. "Nimeingia kwenye chemba hadi kiunoni. Nimetoa panya waliooza kwa mikono. Sijawahi kuona kinyaa kama ninachokiona hivi sasa."

Akatoka. Buti zake zilisikika mpaka mwisho wa korido.

* * *

Simu ya Bibi Afya haikupokelewa tena. Kichwa alipiga asubuhi, alipiga mchana. Mara moja tu ilipokelewa, na sauti haikuwa yake.

"Ni nani?" aliuliza mwanamke mtu mzima. Nyuma yake cherehani ilikuwa ikinguruma.

"Shikamoo, mama. Naomba kuongea na binti yako."

"Marahaba. Wewe ndiye Kichwa?"

"Ndiyo, mama."

"Amelala kifudifudi tangu juzi na buti miguuni. Mimi ni fundi cherehani, nimezoea kushona vilivyochanika, lakini huyu sioni pa kutia sindano." Cherehani ikanyamaza. "Eti aliyewafungia ni yule Mkurugenzi wa suti nyeupe?"

"Huyo huyo, mama."

"Ngoja nikwambie. Zamani niliosha vyombo kwenye kantini hiyo. Yeye alikuwa kiongozi wa wanafunzi, mwembamba kama uzi. Alipanda juu ya meza ya katikati, akapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, eti tunakula kinyesi, chemba izibuliwe, tumechoka! Chemba ile ile, mwanangu. Tulimpigia makofi na mikono yenye sabuni. Nilimtunzia uji siku aliyotoka rumande." Mkasi ukasikika ukikata uzi. "Wakampa ofisi ndogo. Wakampa kubwa zaidi. Sasa anajipulizia marashi. Usinipigie tena kama huna la maana la kufanya."

Simu ikakatwa.

Kichwa alikaa kitandani muda mrefu. Kinyaa alichokuwa nacho hakikuwa cha Mkurugenzi peke yake. Alijiona na yeye, kijana wa shati lililopigwa pasi, akipewa ofisi ndogo, kisha kubwa zaidi, kisha chupa ya marashi mezani. Aliona njia yote ilivyonyooka mbele yake, safi, yenye kiyoyozi. Akainuka akafunga tai.

* * *

Ukumbi wa Uongozi wa Tabasamu ulikuwa umepambwa kwa maua ya plastiki. Wageni wa kampuni waliketi mstari wa mbele, suti nyeusi, magauni ya hariri, keki juu ya mapaja. Nyuma yao ukumbi ulijaa. Mkurugenzi alikuwa akieleza jinsi kozi hiyo inavyopendwa mpaka watu wanakosa nafasi, na alipokuwa anaonyesha meno yote, mlango ulifunguliwa.

"Samahani, mkuu. Nimekuja kuhesabu."

"Si leo, afisa."

"Ratiba inasema leo." Kichwa alipita katikati ya viti, kitambulisho kifuani, sauti yake ya adabu kabisa. Alisimama mbele ya mama mmoja mnene aliyevaa koti la mwanamume lililombana makwapani. "Shikamoo, mama. Wewe umejiandikisha kozi hii?"

"Marahaba. Mimi?" Mama alitazama kulia na kushoto. "Mimi nimeambiwa nivae koti nikae, mwanangu. Na nina chai motoni kule kantini, itachemka imwagike."

Mgeni mmoja aliacha kutafuna.

"Nenda kwenye chai yako, mama, asante. Na wewe kaka?"

"Dereva wa mkuu," alijibu mwanamume wa kiti kilichofuata, akasimama kabla ya kuambiwa. Jirani yake akasimama pia, na wa nyuma yake. Walinzi walikuwemo, mtunza bustani alikuwemo na tope kwenye kucha, makarani walikuwemo. Walitoka mmoja mmoja wakiacha makoti kwenye viti. Hawakuonekana kuwa na aibu hata kidogo. Walionekana kama watu waliomaliza zamu.

"Unafanya nini?" alinong'ona Mkurugenzi, meno yakiwa bado nje.

"Nahesabu vichwa, mkuu. Ulinikataza kuhesabu vya kuazima." Akageukia wageni. "Waheshimiwa, kozi hii ina wanafunzi tisa. Kwa kanuni yetu, darasa lisilofika kumi na tano linafutwa. Juzi tumefuta la wenzetu kwa kukosa mmoja tu. Mkuu mwenyewe alisimamia. Kwa hiyo naomba radhi, na hii nayo imefutwa."

Mgeni mwenye gauni la hariri aliuliza, kwa sauti ndogo ya mtu ambaye pesa zake ziko mahali, "Mkurugenzi, ni kweli mnafuta?"

Ukimwangalia vizuri mtu wa namna hiyo wakati kama huo, unaona hesabu zikipita usoni mwake kama mende chini ya zulia. Tabasamu halikutoka. Lilitetemeka tu pembeni.

"Hapana, hapana! Afisa wetu ni kijana, ana hamasa. Mwaka huu tumeamua kulegeza. Hakuna kozi itakayofutwa."

"Hata moja, mkuu?"

"Hata moja."

"Na ile iliyofutwa juzi inarudi?"

"Inarudi."

"Ipi, mkuu? Wageni wangependa kuisikia."

Mkurugenzi alitazama mstari wa mbele. Mbele yake keki zilikuwa zinangoja.

"Vinyesi," alisema.

Kichwa alivua kitambulisho chake, akakiweka juu ya meza kati ya maua ya plastiki, akatoka.

* * *

Darasa lilirudi mabwawani siku ya joto kali. Harufu ilikuwa imesimama kama ukuta. Bibi Afya alikuwa amechutama ukingoni akijaza chupa ya kupimia, alipoona buti mbili mpya kabisa, za manjano, zikija kwa kusitasita kwenye nyasi.

"Darasa halihitaji tena vichwa," alisema bila kuinua uso. "Nani amekuazima?"

"Hakuna."

"Si wamekufukuza kazi?"

"Wamenirudisha ofisi ya hosteli. Nahesabu magodoro. Yana adabu kuliko mkuu."

Kona ya mdomo wake ilicheza, akaikaza. "Mzee Mabwawa amenisimulia ya ukumbini. Amesimulia mara nyingi, kila mara mkuu anazidi kutetemeka. Usidhani imefuta kitu."

"Sijadhani."

"Ulikaa ukanisikiliza mwezi mzima. Kitu hicho kina jina?"

"Kinalo. Woga."

"Unanuka kuliko hapa."

"Najua. Nimeunusa."

Mapovu yalipanda, yakapasuka. Kichwa alichutama karibu naye, safari hii bila kufumba kinywa, na ingawa alikuwa amegeuka wa kijani tena, alisema alichokuja kusema.

"Bibi Afya. Kichwa cha kuazima mtu anakirudisha alikokitoa. Mimi sitaki kurudishwa. Nataka ukichukue moja kwa moja. Na masikio yake."

"Unanichumbia kwenye bwawa la mavi?"

"Hapa ndipo uliponiita mpenzi."

"Ulimi uliteleza."

"Uteleze tena."

Bibi Afya alimtazama usoni. Bado palikuwa na hasira machoni mwake, na kinyaa kidogo, kama tope linalobaki chini ya kucha hata baada ya kuoga. Akamkabidhi chupa ya kupimia.

"Shika vizuri, usimwage. Nitakujibu nikimaliza kozi."

* * *

Alimaliza. Nafasi ya manispaa akaipata, na mpwa wa mtu akatafutiwa pengine.

Asubuhi moja kantini ilikuwa imefurika kama kawaida wakati Bibi Afya alipoingia kwa mlango wa nyuma, koti jeupe la kazi limefungwa mpaka kifungo cha juu, kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani, kufuli kubwa mkononi. Nyuma yake alikuja mama yake, eti amekuja kuangalia tu. Bibi Afya aliruka dimbwi, akafunua gunia la viazi, akalifunika tena haraka. Alizima majiko kwa mkono wake. Sauti za sahani zikapungua, zikaisha.

"Wapendwa, pamefungwa. Mnatoka wote, taratibu. Hapana, kaka, hiyo sahani iache, kwa ajili ya tumbo lako."

Mkurugenzi alifika mbio, suti ya maziwa, marashi yakimtangulia.

"Dada yangu, tuongee kiungwana. Hii chemba ni suala la muda mrefu..."

"Naam, la muda mrefu," alisema mama wa Bibi Afya kutoka mlangoni. "Nilikupigia makofi, mwanangu. Ulikuwa juu ya meza ile pale. Ulisema umechoka. Umepumzika lini?"

Mkurugenzi alimtazama yule mwanamke, na ghafla akamkumbuka, ukaona uji ukimpanda kooni. Alifungua kinywa. Mara hii hata meno hayakutoka. Akageuka, na katika haraka ya kuondoka, kiatu kilichochongoka kikatumbukia kwenye dimbwi mpaka kifundoni. Hakuna aliyecheka. Walimwangalia tu akikikung'uta.

Kantini ilipobaki tupu, mtu mmoja alikuwa bado ameketi kwenye meza ya pembeni, kikombe mbele yake, shati la bluu bila tai.

"Na wewe, Kichwa. Toka."

"Sijapata jibu langu. Ulisema ukimaliza kozi."

"Umekunywa hiyo chai?"

"Sijaigusa. Nilijua utakuja."

Bibi Afya alikichukua kikombe akaimwaga chai nje ya dirisha, kisha akatazama mle ndani: kuta zenye mafuta, nzi, meza ya katikati iliyowahi kubeba maneno mazuri. Akakunja uso. Halafu akamgeukia yeye, uso ukakunjuka polepole.

"Mwambie mama yako aje kumwona mama yangu," alisema. "Jumapili. Waje na wajomba, waje na mashangazi, nimekuchukua." Akampa kufuli alishike wakati anavuta mlango. "Lakini waje wameshakula. Mji huu bado sijamaliza kuukagua."